Zebaki Haiungui

Katika mialo ya dhahabu ya Geita, Mara, Shinyanga na Chunya, kazi ya siku nyingi ya wachimbaji wadogo huishia juu ya jiko la mkaa. Kidonge cheupe chenye kung'aa huwekwa kwenye kipande cha bati au koleo, mkaa hupulizwa, na baada ya dakika chache ule weupe unaondoka, inabaki njano. Wenye mali huinama kuitazama hiyo njano, na hapo hesabu za mgawo huanza. Mimi nataka tuufuate ule weupe ulioondoka. Ni zebaki, na watu wengi waliozunguka jiko wanaamini kwamba imeungua, basi, imekwisha.

Haijaisha. Kanuni inayotuhakikishia jambo hilo ina zaidi ya miaka 200, na zebaki yenyewe ilichangia kuithibitisha. Agosti 1774, Mwingereza Joseph Priestley aliupasha joto unga mwekundu wa oksidi ya zebaki kwa lenzi kubwa iliyokusanya miale ya jua, akapata zebaki inayong'aa na hewa iliyofanya mshumaa uwake kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mfaransa Antoine Lavoisier akaifanya kazi hiyo kwa vipimo. Aliipasha zebaki joto kwa siku 12 ndani ya chombo kilichofungiwa hewa yake, akaona utando mwekundu ukijitengeneza juu yake huku hewa ikipungua. Kisha akaukusanya ule wekundu, akaupasha moto mkali zaidi, akarudishiwa zebaki yake pamoja na ile hewa iliyopungua, ambayo baadaye aliipa jina la oksijeni. Zebaki iliingia, ikabadilika sura, ikatoka vilevile. Ni elementi: atomu zake haziwezi kuvunjwa na moto wa mkaa, wa gesi wala wa tanuri. Kwa hiyo kila gramu ya zebaki iliyowahi kununuliwa mwaloni ingali ni gramu ya zebaki hivi leo, mahali fulani. Swali la maana ni mahali gani.

Kabla ya kuifuata, tuelewe kwanza kwa nini mchimbaji anaihitaji, maana haitumii kwa ujinga. Dhahabu ya miamba ya Kanda ya Ziwa mara nyingi haionekani kwa macho. Ni chembe ndogo zilizotawanyika kwenye mishipa ya jiwe jeupe la kwatzi. Jiwe linapondwa, linasagwa kwenye karasha mpaka liwe unga, kisha unga unapitishwa na maji kwenye ubao ulioinama uliotandikwa magunia ya katani. Hapo uzito ndio unaofanya kazi: sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, na ya kwatzi ina gramu 2.65 tu. Maji yanabeba kilicho chepesi, kizito kinanasa kwenye gunia. Lakini chembe ikiwa ndogo mno, au bapa, mkondo unaichukua kabla uzito haujaizamisha. Na hata gunia likishakung'utwa, kinachopatikana ni dhahabu iliyochanganyika na mchanga mweusi wenye chuma, nao ni mzito pia. Uzito umefika mwisho wa uwezo wake. Inatakiwa tofauti nyingine kati ya dhahabu na mchanga, na tofauti hiyo iko kwenye elektroni.

Katika metali, kila atomu huachia elektroni zake za nje zitembee huru kati ya atomu zote, na elektroni hizo zisizo na mwenyewe ndizo zinazozifunga atomu pamoja. Kwatzi haiko hivyo. Silikoni na oksijeni zilizomo zimefungana kwa elektroni ambazo haziendi popote. Sasa zebaki ni metali. Ikiigusa dhahabu, ambayo haishiki kutu na hivyo uso wake uko safi daima, elektroni huru za pande mbili hukutana, na zebaki hutandaa juu ya chembe na kupenya ndani yake. Ikigusa kwatzi haipati cha kushikana nacho, inajikunja na kuteleza. Ndiyo maana mtu akikanda zebaki na mchanga ndani ya beseni, zebaki hupita ikiokota dhahabu na kuuacha mchanga. Huokota fedha pia, na pete ya kidoleni itaharibika ikiguswa. Chuma haikiokoti, na kwa sababu hiyo wafanyabiashara wameisafirisha duniani kote kwenye chupa za chuma zenye kilo 34.5 kila moja. Mkandaji akimaliza huikamua kwa kitambaa. Zebaki ya ziada inatoka, na kidonge kinachobaki kina takriban nusu dhahabu na nusu zebaki.

Kuna jambo hapa ambalo kwangu ni miongoni mwa maajabu ya kemia. Kiini cha atomu ya dhahabu kina protoni 79, na cha zebaki kina 80. Ni majirani wa mlango kwa mlango katika orodha ya elementi. Kwa nini basi moja ni metali imara inayoyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, na nyingine ni kimiminika hata kwenye nyuzi 38 chini ya sifuri? Protoni 80 zina mvuto mkubwa. Elektroni zilizo karibu kabisa na kiini cha zebaki hukimbia kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, na kwenye kasi hiyo kanuni za Einstein huanza kufanya kazi waziwazi: mizingo ya elektroni inasinyaa kuelekea kiini. Hata elektroni mbili za nje kabisa huvutwa ndani, na kwa kuwa zimekwisha kutimia jozi, hazielekei kuachiwa zitembee. Dhahabu ina elektroni moja tu ya nje, isiyo na mwenza, kwa hiyo atomu zake hushikana kwa nguvu. Atomu za zebaki hushikana kwa ulegevu.

Ulegevu huo ndio unaoleta faida na ndio unaoleta madhara. Kwa sababu yake zebaki ni kimiminika kinachoweza kukandwa kwa mkono. Kwa sababu yake huchemka kwenye nyuzi 357, joto ambalo mkaa hulifikia bila shida, ilhali dhahabu ingali mbali hata na kuyeyuka; pengo hilo kati ya 357 na 1,064 ndilo linalomwezesha mchomaji kutenganisha vitu viwili kwa jiko dogo. Na kwa sababu ya ulegevu huohuo, zebaki haisubiri kuchemka. Hata ikikaa kimya kwenye beseni kivulini, atomu zake za juu hujinasua moja moja na kupanda hewani. Kwenye nyuzi 25, hewa iliyoshiba mvuke wa zebaki hubeba takriban miligramu 20 katika kila mita moja ya ujazo. Shirika la Afya Duniani limeshauri wastani wa mwaka mzima katika hewa tunayovuta usizidi mikrogramu 1 kwa mita hiyohiyo. Kati ya viwango hivyo viwili kuna tofauti ya mara 20,000. Na mvuke wenyewe hauna rangi wala harufu ya kumwonya mtu.

Tufanye hesabu ya chumba, kwa sababu wapo wanaochomea ndani ili wasionekane, au jikoni usiku, watoto wakiwa wamelala upande wa pili wa ukuta. Chukua chumba cha mita 3 kwa mita 3, urefu wa dari mita 2.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 22.5. Gramu moja ya zebaki, yaani tone lisilofika hata sehemu ya kumi ya mililita, ikigeuka mvuke wote ndani ya chumba hicho itatoa zaidi ya miligramu 44 kwa kila mita ya ujazo. Lakini tumeona kwamba hewa ya nyuzi 25 hushiba kwenye 20. Zile nyingine zinakwenda wapi? Zinaganda kwenye kuta, kwenye bati la paa, kwenye neti na nguo, vitone vidogo visivyoonekana. Kesho jua likipiga bati, vinapanda tena hewani. Chumba kilichochomewa mara moja kinaendelea kutoa zebaki bila jiko kuwashwa, na hali ni hiyohiyo kwenye duka la mjini linalonunua dhahabu. Ile njano inayotoka mwaloni ina matundu madogo kama sifongo na bado ina asilimia chache za zebaki ndani yake, ambazo hutoka pale mnunuzi anapoiyeyusha kwa moto mkali. Mpangaji wa ghorofa ya juu hajawahi kuona mwalo, naye anavuta.

Tuingie sasa mwilini. Mtu akimeza tone la zebaki, karibu lote litapita tumboni na kutoka, kwa maana tone ni atomu nyingi zilizoungana na utumbo hauna njia ya kulipokea. Kinachofyonzwa ni chini ya sehemu moja ya elfu kumi. Akivuta mvuke wake, asilimia 80 hivi hubaki mwilini. Kitu ni kilekile, ila mvuke ni atomu moja moja, hazina chaji, na kitu kisicho na chaji hupenya utando wa mafuta unaozunguka seli bila kizuizi. Mapafu ya mtu mzima yakikunjuliwa yana eneo la makumi ya mita za mraba, lote ni utando mwembamba uliotengenezwa kupitisha hewa. Zebaki hupita humo, huingia kwenye damu, na kabla damu haijaibadilisha, sehemu yake inakuwa imeshafika kwenye ubongo na kuuvuka ukuta unaoulinda.

Ndani ya seli za ubongo kuna kimeng'enya cha kawaida, kiitwacho katalasi, ambacho huipokonya atomu ya zebaki elektroni mbili. Sasa ina chaji. Mlango ulioiingiza haufai tena kutokea, kwa kuwa kitu chenye chaji hakipenyi mafuta. Na zebaki yenye chaji huitafuta salfa kuliko kitu kingine chochote. Protini nyingi za mwili hutegemea salfa iliyomo ndani yake ili zifanye kazi. Zebaki ikishaikamata, protini hujikunja vibaya na kimeng'enya husimama. Figo, ambazo ndizo zinazochuja damu, hukusanya zebaki nyingi kuliko kiungo kingine chochote.

Dalili huanza kwa upole, na hapo ndipo watu hupoteza muda. Usingizi unakata. Mtu aliyekuwa mchangamfu anakuwa na aibu isiyoelezeka, au hasira za haraka. Fizi zinavimba, mate yanajaa, mdomo una ladha ya chuma. Kisha vidole vinatetemeka, na mtetemeko huonekana zaidi anapotaka kufanya kitu kwa uangalifu: kushika kikombe, kutia uzi kwenye sindano, kuandika jina lake. Zahanati humpima malaria, majirani husema ni pombe. Mradi wa Umoja wa Mataifa uliofanya kazi kijiji cha Rwamagasa, Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipima mkojo, damu na nywele za watu na kuwajaribu vitendo kama kugusa pua kwa kidole macho yakiwa yamefumbwa. Kati ya wale waliochoma zebaki, takriban robo walikuwa na sumu ya kudumu ya zebaki. Napenda wauguzi wa kanda za machimbo wajue hili: kipimo cha mkojo kinaonyesha mvuke uliovutwa, na swali moja la ziada, "unachoma dhahabu au unaishi na anayechoma?", linaweza kumwokoa mtu na miaka ya dawa zisizomhusu.

Kiasi kikubwa cha mvuke hakibaki mwaloni. Unaweza kuzunguka angani kwa miezi, ukashika chaji, ukashuka na mvua kwenye nchi isiyo na mgodi hata mmoja. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ulitoa tani 838 za zebaki hewani mwaka 2015, asilimia 38 ya zebaki yote iliyotokana na shughuli za binadamu. Viwanda vya makaa ya mawe vilikuwa nyuma yake.

Inayoshuka kwenye maji hukutana na viumbe wadogo. Kwenye tope lisilo na oksijeni, chini ya mabwawa, kwenye matete na mafunjo, wamo bakteria wanaopumua kwa kutumia salfeti badala ya oksijeni. Baadhi yao huibandika zebaki kikundi kidogo cha kaboni na hidrojeni, ikawa zebaki ya methili. Hii ni sura mbaya kuliko zote. Utumbo unaoikataa zebaki ya tone huifyonza hii kwa asilimia 95. Mwilini hujishikiza kwenye kijenzi kimoja cha protini, na kwa pamoja hufanana na chakula ambacho ubongo hukifungulia mlango wenyewe. Mwani huinyonya, vidudu vya maji hula mwani, samaki wadogo hula vidudu, samaki wakubwa hula wadogo. Kila mlaji hula mara nyingi ya uzito wake mwenyewe, hutoa uchafu mwingine, na hii hubaki naye. Mpaka kufika kwa samaki mlaji samaki, mkolezo unaweza kuwa mara milioni ya ule wa kwenye maji.

Dunia ilijifunza hayo Minamata, Japani. Kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Paka walianza kuyumba na kuanguka baharini, kisha watu, na ugonjwa ukatangazwa rasmi Mei 1956. Wakati huo madaktari waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto tumboni. Daktari Masazumi Harada aliwaona watoto waliozaliwa na ulemavu mzito, mama zao wakiwa na dalili kidogo au hawana kabisa, naye hakukubali. Wajapani wana desturi ya kukausha kitovu cha mtoto na kukihifadhi kwenye kijisanduku, kama sisi tulivyo na desturi ya kukizika. Harada alizunguka akiomba vile vitovu, vikapimwa, na zebaki ya methili ikaonekana humo. Kondo lilikuwa limempitishia mtoto sumu na kumpunguzia mama.

Harada huyuhuyu alikuja Ziwa Victoria miaka ya 1990, akachukua nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Nywele zinapokua hutunza zebaki iliyokuwa kwenye damu. Wengi wa wavuvi walikuwa na viwango visivyotisha, na samaki wengi waliopimwa ziwani katika miaka ile na iliyofuata walikutwa chini ya kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo. Ni habari njema, na naisema wazi ili asitokee mtu wa kuwakataza watoto dagaa na sato kwa sababu ya makala haya. Udongo mwekundu wa kanda ile una chuma kingi na huishikilia zebaki, na sangara hukua haraka, kwa hiyo zebaki anayokula husambaa kwenye nyama nyingi. Lakini wachache kati ya waliopimwa walikuwa na viwango vya juu mno, na chanzo kilichoshukiwa hakikuwa samaki wala dhahabu. Zilikuwa sabuni za kung'arisha ngozi, zilizotiwa chumvi ya zebaki.

Udongo unaishikilia zebaki hadi hapo atakapokuja mtu wa kuifungua. Mchanga uliokwisha kukamuliwa, yaani marudio, hauna dhahabu inayookoteka kwa zebaki, ila bado una dhahabu, na siku hizi huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanidi. Sayanidi huyeyusha dhahabu ndani ya maji. Huyeyusha na zebaki iliyosahaulika humo, na zebaki iliyofungana na sayanidi husafiri na maji kwa wepesi kuliko tone lililolala kwenye udongo. Mkataba wa Minamata, ulioanza kufanya kazi Agosti 2017 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, umelitaja jambo hili waziwazi miongoni mwa yale ya kukomeshwa, pamoja na kuchoma kidonge wazi, kuchomea kwenye makazi, na kumwaga zebaki moja kwa moja ndani ya karasha pamoja na jiwe zima. Hilo la mwisho ndilo lenye upotevu mkubwa kuliko yote, kwani gurudumu huisaga zebaki ikawa vumbi la vitone ambavyo hakuna mkono utakaovikusanya tena.

Ikiwa zebaki haiishi, njia ni mbili tu: kuifungia, au kutoitoa chupani. Ya kwanza ni ritoti, chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko kinachokaza na bomba linaloshuka mpaka kwenye chombo cha maji. Mvuke unapopita kwenye bomba lililopozwa hurudi kuwa kimiminika, kama mvuke wa wali unavyotona kwenye kifuniko cha sufuria, na zaidi ya asilimia 90 ya zebaki hupatikana ikiwa tayari kutumika tena. Ncha ya bomba isizamishwe majini, kwa sababu moto ukipungua hewa ya ndani husinyaa, maji hufyonzwa kupanda kwenye chungu cha moto, na chungu kinaweza kulipuka. Na kisifunguliwe mpaka kipoe. Anayefungua kwa haraka huvuta kile alichokuwa anajikinga nacho. Wengi huiacha ritoti kwa sababu wabia hawaioni dhahabu yao inavyogeuka, na wasiwasi huo una msingi pale ambapo watu wameibiana. Ritoti ya kioo, au kuchoma mbele ya wote nje ya makazi, hupunguza ugomvi.

Ya pili ni boraksi, ambayo wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wameitumia kwa zaidi ya miaka 30. Mchanga mzito huoshwa tena na tena, chuma huondolewa kwa sumaku, kinachobaki huchanganywa na boraksi na kuyeyushwa. Boraksi hushusha joto ambalo madini mengine huyeyukia na kuyafanya mepesi kutiririka, na dhahabu huzama chini ikiwa tone moja safi. Inahitaji uoshaji wa subira na moto mkali kuliko wa jiko la kawaida, na haifai kila jiwe. Mwenye mwalo anayetaka kujua kama inafaa jiwe lake anaweza kuigawa mali ya siku moja katikati, nusu ipite kwenye zebaki na ritoti, nusu kwenye boraksi, na jioni zote mbili ziwekwe kwenye mzani mmoja mbele ya wabia.